Ukurasa mmoja wa mwaka 1996: uzoefu wangu maktabani

Binamu yetu anashikilia kwamba hatimiliki mpya ya shamba la marehemu baba ilitolewa kisirisiri mwaka 1996, baada ya ile ya kwanza kupotea. Wakili akasema kama ilifuata sheria, basi kuna notisi katika Gazeti Rasmi la Kenya iliyowapa watu siku 60 za kupinga. Tuitafute.

Mtandaoni nilijaribu. Magazeti yapo, na ni bure, lakini mengi ya zamani ni picha za kurasa. Nikiandika nambari ya shamba, hakuna kinachotokea.

Ndipo nikaenda maktaba moja ya umma hapa Nairobi. Kuingia chumba cha machapisho ya serikali sikulipa kitu, ila begi unaliacha mlangoni. Mkutubi, mama wa makamo, hakutaka hadithi ya binamu. Aliuliza tu, "Una nambari ya notisi?" Sina. "Mwezi je?" Nikakumbuka baba alipoteza makaratasi msimu wa mvua ndefu. Akaniletea juzuu mbili nene, mgongo wa kitambaa umebanduka, akanifundisha kusoma: gazeti hutoka Ijumaa, na nambari za notisi huanza moja kila Januari, kwa hiyo nambari yenyewe inakuonyesha uko wapi katika mwaka. Ruka uteuzi wa bodi, ruka mirathi, tafuta Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, Sura ya 300.

Baada ya saa mbili na ushee za kupekua, kidole kimejaa vumbi, nikamwona. Jina la baba kamili, na sanduku la posta la shule ya msingi aliyofundisha. Ukubwa wa shamba kwa hektari. Nilikaa kidogo kabla ya kumwita mama yule aje aone.

Kasoro zipo. Mashine ya fotokopi ilikuwa imekufa, nikapiga picha kwa simu. Juzuu moja ya 1998 aliyoihitaji mzee wa meza ya pili haipo rafuni, na hakuna ajuaye ilikoenda. Tena mahakama ikitaka nakala iliyothibitishwa, hapo maktaba haikusaidii.

Kwa huduma ya yule mama pekee, nyota tano. Kwa fotokopi, moja.

Picha nimemtumia binamu kwa WhatsApp. Tiki mbili za buluu tangu Jumanne.