Uzoefu wangu: tulivyomchukua Tulia, jike mwoga, awe mwenza wa Bosi na Simba

Chui, mmoja wa mbwa wetu watatu, alipokufa, Simba hakusumbuka sana. Bosi ndiye aliyenitia wasiwasi. Kila jioni alijilaza pale palipokuwa na sufuria ya mwenzake, na ugali wake wa omena ukaganda bila kuguswa. Daktari wa mifugo alimpima, hakuona ugonjwa. Tukaamua kutafuta mbwa wa tatu, na badala ya kununua mtoto wa mbwa, tukaenda kwenye kituo kimoja cha kuokoa wanyama hapa Nairobi.

Sikwenda kutafuta mwoga. Walikuwepo waliotukimbilia kwenye wavu wakitikisa mikia. Nyuma kabisa alilala jike wa rangi ya mchanga, mkia ameufyata, uso ameuelekeza ukutani. Alikuwa mbwa koko wa sokoni, aliyeokotwa na waya umemkaza shingoni hadi ukaacha kovu. Kijana anayewahudumia akaniambia, "Mama, huyu watu anawaogopa, lakini mbwa wenzake anawapenda. Walete wako wamwone."

Hapo ndipo nilipokipenda kituo. Kwanza walidai kadi za chanjo za mbwa wangu, si ya kichaa cha mbwa tu, hata ya distempa na parvo, magonjwa mengine hatari ya mbwa. Halafu hawakuwakutanisha ndani ya banda, wala hawakutaka wakutane mara ya kwanza nyumbani kwangu, ambako Bosi angejiona mwenye boma. Tulitoka nao barabarani. Mwanangu alitangulia na Bosi, yule kijana akafuata na jike, hatua kama kumi nyuma, wote wakielekea upande mmoja, hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Tukatembea robo saa nzima hivyo, tukipunguza nafasi kidogo kidogo. Bosi akageuka, akamnusa ubavuni, akaendelea na safari yake. Nikaona mkia wa yule jike ukitoka taratibu katikati ya miguu.

Tulirudi mara mbili zaidi, mara moja na Simba, kabla ya kuruhusiwa kumchukua. Alikuwa ameshafungwa kizazi na kuchanjwa, cheti mkononi. Nililipa shilingi 3,000 kwa M-Pesa, na kwa kazi waliyoifanya naona ni kidogo. Hicho cheti nakitunza vizuri: Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na chanjo ya kila mwaka nyumbani ndiyo sehemu yetu sisi wafugaji.

Lalamiko langu ni moja, na si dogo. Hawakutuambia kwamba Tulia anaogopa ufagio. Siku ya tatu mfanyakazi alianza kufagia uwanja, mbwa akapenya chini ya ua wa kayaba, akapotelea kwenye mahindi ya jirani. Nilipiga simu kituoni siku hiyo na kesho yake, haikupokelewa. Baadaye walinipigia wakaomba radhi, lakini jambo kama hilo liandikwe kwenye karatasi ya kumkabidhi mbwa. Kuita hakukusaidia, kwani jina lenyewe alikuwa hajalijua. Jioni nikamfunga Bosi kamba, nikapita naye polepole kando ya shamba, nimenyamaza. Tulipofika getini nikageuka: Tulia alikuwa nyuma yetu, pua karibu iguse mkia wa Bosi.

Tangu siku hiyo niliacha kumbembeleza, nikamwachia Bosi kazi. Nilikuwa nakaa chini nimewapa mgongo, nikimpa Bosi matumbo yaliyochemshwa, kipande kimoja kimoja, huku Tulia akitazama kutoka chini ya tangi la maji. Sufuria zao zilikaa mbali mbali, maana Simba ni mchoyo wa chakula.

Kama mbwa ulio nao ni wagomvi, au unataka mlinzi wa kubweka usiku, mwoga kama huyu usimchukue, utamtesa bure. Kwangu mimi, Bosi anamaliza ugali wake sasa. Siku ya kumi na tisa nilisikia kitu chenye unyevu kikigusa vidole vyangu kwa nyuma. Sikugeuka. Kipande cha utumbo kikachukuliwa taratibu, hata meno sikuyasikia.