Ndege ndogo za kununulia simuleta ya nyumbani: ipi ianze, na uijaribu vipi

Simuleta ni programu ya kuigiza urubani, na ndege za nyongeza huuzwa kando. Ukichagua ndege ya nyongeza kwa kuangalia picha za dukani, utakosea. Karibu zote zinang'aa siku hizi. Kinachoitofautisha ndege ya kulipia na ile iliyokuja na programu ni jinsi inavyokujibu unapoikosea: umeacha mafuta mengi injini ikisubiri, umesahau kubadili tangi, umeteremsha magurudumu ukiwa kasi mno. Ndicho kigezo tulichotumia kupanga orodha hii.

Kabla ya kulipa, jaribu mkono wako kwenye Cessna 172. Iko ndani ya simuleta mbili tunazozizungumzia, Microsoft Flight Simulator na X-Plane 12. Zima misaada yote ya urubani, hasa ule wa usukani wa mkia unaojiendesha, kwa sababu unaficha kosa la ndege na la rubani pia. Panda hadi futi 3,000, weka injini kwenye mizunguko 2,300 kwa dakika, kisha rekebisha trimu (kidhibiti kinachoshikilia pua mahali pake) mpaka ndege inyooke bila wewe kushika joistiki. Vuta pua taratibu mpaka kasi ipungue kwa noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa), halafu achia. Pua itainama yenyewe, kasi itapanda, pua itanyanyuka tena. Kila wimbi huchukua kama sekunde 20 hadi 30, na mawimbi hufifia polepole. Ikirudi palepale kama imefungwa kamba, kuna kitu kinaishika: msaada umebaki umewashwa, au rubani wa mitambo (autopilot) hajazimwa. Jaribio hilohilo ndilo la kwanza kwa ndege utakayonunua.

Namba moja kwetu ni Comanche 250 ya watengenezaji A2A Simulations, kwa Microsoft Flight Simulator. Ni Piper PA-24 yenye injini ya Lycoming ya nguvu za farasi 250, magurudumu ya kukunja na propela ya kubadilisha pembe. Inakumbuka. Ukiitesa injini leo, kesho utaikuta vilevile. Unaizunguka kabla ya kuruka, unachukua sampuli ya mafuta kutafuta maji, unatazama oili. Plagi zake huchafuka ukikaa chini muda mrefu na mchanganyiko mzito (mafuta mengi kuliko hewa inavyotaka), na hapo ndipo wengi hudhani programu imeharibika. Dalili utaiona unapopima magneto, vifaa viwili vinavyozipa plagi umeme wa cheche: ukibakiza moja, injini inakohoa na mizunguko inaanguka sana. Rudisha zote mbili, panda hadi mizunguko 2,000, punguza mafuta mpaka injini ilainike, subiri dakika moja hivi, pima tena. Kinga ni rahisi zaidi: punguza mchanganyiko mara tu baada ya kuwasha, na urudishe kabla ya kuruka. Kasoro yake kwa mnunuzi ni moja, haifanyi kazi kwenye Xbox.

Ya pili ni Warrior II ya Just Flight, na kwa anayeanza tungeiweka ya kwanza bila kusita. Nguvu za farasi 160, magurudumu hayakunjwi, propela haina leva yake. Inakufundisha mambo mawili ambayo 172 ya sasa haikufundishi. Kwanza, swichi ya mafuta ina kushoto na kulia tu, haina "zote mbili". Badilisha kila nusu saa, la sivyo bawa moja litalemea na mwishowe injini itazima huku tangi la pili limejaa. Pili, ina kabureta, kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa kinachoweza kuganda barafu. Jaribu leva ya hewa ya moto inayoiyeyusha, ukiwa chini: mizunguko lazima ishuke kidogo. Wenye X-Plane nao wana Warrior ya Just Flight, iliyotengenezwa na Thranda.

Kisha DA40 NG ya COWS. Hii ni dizeli, nguvu za farasi 168, leva moja tu, kompyuta za injini zikifanya mengine yote. Usiinunue kwa kudhani leva moja ni urahisi wa kila kitu: injini inataka kupashwa joto kwanza, na kompyuta zake mbili zinapimwa kabla ya kila safari. Skrini zake kubwa hula nguvu ya kompyuta yako ya nyumbani, kwa hiyo mwenye kadi ya picha dhaifu aangalie fremu kwa sekunde (picha ngapi zinaonyeshwa kila sekunde) akiwa kwenye uwanja wenye majengo mengi, si juu ya bahari.

Bonanza ya Black Square tumeiweka ya nne kwa sababu tu ni nzito kwa mgeni. Kwa anayependa geji za mshale na mfumo wa umeme wa kweli, ndiyo yenyewe: fyuzi za kubonyeza zinafanya kazi moja moja, na ukiivuta mojawapo, chombo chake kinakufa.

Kuhusu duka: mwenye Xbox hana chaguo, atanunua ndani ya simuleta. Mwenye kompyuta anunue kwa mtengenezaji mwenyewe inapowezekana, maana marekebisho hufika mapema na mafaili hukaa wazi kwenye Community, folda ya nyongeza ya Microsoft Flight Simulator. Soma toleo la Microsoft Flight Simulator lililotajwa, 2020 au 2024. Ndege ya toleo moja si lazima ifanye kazi sawa kwenye jingine.

Ikigoma baada ya kusakinisha, usikimbilie kudai pesa. Hamisha kila kitu kingine kutoka Community, ibaki ndege hiyo peke yake, kisha washa upya. Nyongeza mbili zikigombana, hapo ndipo utajua. Ikichelewa kufunguka mara ya kwanza tu, iache, inajitayarisha. Nguvu ya injini ikiruka-ruka yenyewe, tazama kama leva moja imepangiwa vifaa viwili. Na betri ikiwa imekufa ulipoikuta, kumbuka swichi kuu uliyoiacha imewashwa jana.