Duka la mizani, Mwanjelwa: nywele za bei ya juu na hesabu zake

Mtu anayetafuta nywele za kusukia au za kushonea jijini Mbeya hakosi mahali pa kununulia. Kuanzia Mwanjelwa hadi Kabwe, na kuendelea mpaka Uhindini, maduka yamepangana, pakiti zimening'inia kutoka darini hadi usawa wa magoti, na karibu kila muuzaji humtajia mteja bei kabla hajaulizwa. Duka ninalolitathmini hapa ni chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, nyuma ya barabara kuu upande wa Mwanjelwa, na bango lake limeandikwa Nywele, basi. Bei zake ziko juu kuliko za majirani, wakati mwingine mara mbili, na mwenye duka haoni kuwa hilo ni jambo la kuombea radhi. Nimenunua hapo kwa muda wa kutosha, kwa ajili yangu na kwa ajili ya mabinti wa nyumbani, na maoni yangu ni kwamba bei hiyo ni ya haki kwa baadhi ya bidhaa, na kwa nyingine sivyo.

Wasusi huliita duka la mizani, kwa sababu juu ya kaunta ipo mizani ndogo ya kidijitali, ya aina ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu wa Chunya. Bando la nywele za binadamu kwa kawaida huuzwa likiwa na uzito wa gramu 100, na mabando matatu ndiyo hutosha kichwa kizima kwa urefu wa inchi 14 hadi 18. Lakini pakiti ikishafungwa kwa nailoni na kuwekwa kadi yenye picha ya mrembo, mteja hana njia ya kujua kama amepewa gramu 100 au 80. Mwenye duka hulitoa bando kwenye pakiti, huliweka kwenye mizani mbele ya mteja, na likipungua hupunguza bei hapohapo. Nimeona mama mmoja aliyetoka Tukuyu, aliyekuwa akijiandaa kwa sendofu ya binti yake, akiomba bando lake lipimwe upya, naye akapimiwa bila kununiwa.

Hapo hapo ukutani limetundikwa bando la mfano ambalo huoshwa mara kwa mara, na kila linapooshwa huchorwa alama kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa juu yake. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha maana kuliko vyote dukani humo, na ili kueleza sababu sina budi kusema kidogo namna nywele hizi zinavyotengenezwa.

Unywele wa binadamu umefunikwa na magamba madogo sana yanayolala kuelekea nchani. Nywele zikikatwa kutoka kichwa kimoja na kufungwa pamoja, mashina upande mmoja na ncha upande mwingine, magamba hayo huelekea upande mmoja na nywele hazishikani. Nywele za namna hiyo hutoka kwa wingi India, zikiwemo zile ambazo mahujaji hunyolewa kama sadaka katika hekalu la Tirumala na baadaye kuuzwa kwa mnada. Nyingine huokotwa kwenye vitana na sakafu za saluni, mashina na ncha vikiwa vimechanganyika. Zikiachwa hivyo zitafungana mafundo, kwa hiyo viwanda huziloweka kwenye asidi ili kuyaondoa magamba, kisha huzipaka silikoni ili zing'ae. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika China, hasa katika mji wa Xuchang, mkoa wa Henan. Silikoni hiyo ndiyo mteja anayoipapasa dukani na kusema nywele ni laini. Huondoka baada ya kuoshwa mara chache, na kinachobaki ni nywele iliyokakamaa, isiyopitisha kitana, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba, wakati Mbeya ni kavu na upepo umebeba vumbi. Ndiyo maana kumwonyesha mteja bando lililokwisha kuoshwa ni uaminifu wa aina ambayo maduka mengi hayawezi kuumudu. Bando lao likioshwa ndipo siri inapofichuka.

Kuhusu majina yaliyoandikwa kwenye pakiti, mwenye duka ana msimamo ambao naukubali. Anayekwenda kumwuliza nywele za Brazil au za Peru huelezwa kwa upole kwamba majina hayo ni ya kibiashara, kwani sehemu kubwa ya nywele hizo chimbuko lake ni Asia. Vivyo hivyo zile alama za ubora za 8A, 10A na 12A: hakuna chombo chochote cha kimataifa kinachozipanga, kila mwenye kiwanda hujiandikia anavyopenda, na ndiyo sababu herufi ileile huambatana na namba zinazozidi kupanda mwaka hadi mwaka. Badala yake humwuliza mteja kama anataka bando ambalo ncha zake ni nyembamba, kama nywele zinavyoota kichwani, au lile ambalo nywele fupi zimechambuliwa na kutolewa ili ujazo uwe sawa kutoka juu hadi chini. La pili ni ghali zaidi, na kwa haki, kwa sababu nywele ya binadamu huota takribani sentimeta moja na robo kwa mwezi. Inchi 18 ni kazi ya miaka mitatu kichwani mwa mtu mwingine.

Sasa nije kwenye hesabu, maana usemi kwamba rahisi ni ghali hutamkwa na kila mwenye duka la bei ya juu, na mara nyingi hautetewi kwa kalamu na karatasi.

Nianze na rasta, yaani nywele za kusukia za nyuzi za kiwandani, ambazo ndizo watu wengi wanazinunua. Pakiti ya bei ya chini hapo jirani ni shilingi 2,500, na hapa ni 5,000. Kichwa changu hutumia pakiti sita, kwa hiyo tofauti ni shilingi 15,000, na msusi hulipwa 30,000 katika hali zote mbili. Rasta za bei ya chini, kwangu, hutimka na kufanya vinyweleo baada ya wiki tatu au nne, hasa pale ambapo mtandio na kola ya sweta husugua; hizi za duka la mizani, zilizotengenezwa kwa nyuzi za Kanekalon za kampuni ya Kaneka ya Japani, hufika miezi miwili zikiwa bado zinatazamika, na sishauri mtu yeyote azikalie zaidi ya hapo. Yaani shilingi 45,000 kwa mwezi dhidi ya 60,000 kwa miezi miwili, bila kuhesabu kushinda siku nzima kwenye kiti cha msusi. Hapo hakuna ubishi. Kuna pia usalama: nyuzi duni huyeyuka upesi sana zikikaribiana na moto, na Juni na Julai huku nyanda za juu kila nyumba huwa imelizunguka jiko la mkaa. Wenye ngozi inayowasha wanajua pia kwamba rasta nyingi hupakwa dawa kiwandani. Mwenye duka hupendekeza ziloweshwe kwenye maji yenye siki kidogo, zisuuzwe na kuanikwa kabla ya kusukwa, na ushauri huo hutolewa hata kwa aliyenunua pakiti moja.

Kwa nywele za binadamu hesabu si nyepesi hivyo. Mabando matatu ya inchi 16 hapa ni shilingi 540,000. Wivingi ya bei ya chini, seti nzima, hupatikana kwa 60,000, na tukubali kwamba hudumu miezi miwili, muda ambao kwa vyovyote wivingi yoyote inapaswa kufumuliwa ili kichwa kipumue. Anayenunua ya bei ya chini kila mara atatumia shilingi 360,000 kwa mwaka, yaani bado yuko mbele. Atafikia 540,000 mwezi wa kumi na nane. Kwa hiyo nywele za bei ya juu huanza kumlipa mwenyewe pale tu anapozitunza kwa mwaka mmoja na nusu: aziondoe taratibu, azioshe kwa maji ya vuguvugu, asizichome kwa pasi kila Jumapili, alale na kitambaa laini. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya anayeoshea nywele bwenini, na ambaye mwakani atataka mtindo mwingine, hana sababu ya kuingia gharama hiyo, na ni vizuri kwamba mwenye duka humwambia hivyo badala ya kumshawishi akope. Kinachobadilisha hesabu kidogo ni kwamba duka hupokea mabando yaliyochakaa kiasi na kuyashona kuwa wigi kwa ujira mdogo, hivyo mteja hupata matumizi ya mwaka mwingine. Pia upo utaratibu wa kudunduliza: unalipa kidogo kidogo, bando linawekewa jina lako, na unalichukua ukimaliza, bila riba.

Swali ambalo nilikuwa nalo kwa muda mrefu ni kwa nini duka lenye sifa zote hizi halijai watu. Jibu lipo kwenye saluni. Katika biashara ya nywele mteja mara nyingi hachagui duka. Msusi ndiye humwambia nenda kwa fulani, na fulani huyo humwekea msusi cha juu chake, yaani kamisheni. Nywele kadiri zinavyokuwa duni ndivyo nafasi ya cha juu inavyokuwa kubwa, kwa sababu zilinunuliwa Kariakoo kwa bei ya kutupa. Mwenye duka la mizani hatoi cha juu. Anadai, na sina sababu ya kumpinga, kwamba akianza kukitoa atalazimika kukiongeza kwenye bei ya mteja au kukifidia kwenye gramu, na mizani yake itamsuta. Alipoanza msimamo huo alipoteza wasusi wengi wa Kabwe na Mafiati. Nadhani ni uamuzi sahihi lakini wa gharama, na ukichanganya na bajeti ya mwaka 2019/20, iliyoleta ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, utaelewa kwa nini wengi walichagua kushusha ubora wakabakiza bei.

Wasusi waliobaki naye ni wale wanaonunua rasta kwa jumla. Hao wana sababu yao, wala si ya uadilifu: rasta nzuri hainasi vidoleni, hukubali kuchomwa ncha kwa maji ya moto bila kujikunja ovyo, na msusi humaliza kichwa kimoja mapema akapata nafasi ya kingine. Baadhi yao hutoka Vwawa na Tunduma, na hubeba hadi mifuko ya kilo kwa ajili ya wateja wa upande wa Zambia.

Nisiposema na upungufu nitakuwa sijawatendea haki wasomaji. Wigi zinazoitwa za mchanganyiko, zinazouzwa shilingi 150,000, hazistahili kuwa katika duka hili. Pakiti hazisemi ni sehemu gani ya nywele na ni sehemu gani ya nyuzi za kiwandani. Nilipoomba uzi mmoja mmoja uchomwe kwa kiberiti, mmoja ulitoa harufu ya nywele iliyoungua na kuacha majivu yanayosagika kidoleni, kama nywele halisi inavyofanya. Uliofuata uliyeyuka ukawa kipande kigumu cheusi. Mchanganyiko upo kweli, lakini kiasi chake hata muuzaji hakijui, na anayepima gramu hapaswi kuuza kitu asichoweza kukipima. Mwanga wa dukani nao ni hafifu: rangi namba 1B na namba 2 zinafanana kabisa chini ya taa ile, na tofauti huonekana ukishafika nje, kwa hiyo omba kuzitazamia mlangoni. Rangi za mtindo, zile za shaba na za divai, ni chache, na wateja wa mabando mazito hawaonywi vya kutosha kwamba uzito ukizidi huvuta nywele za pembeni mpaka zikanyonyoka.

Kuhusu kurudisha bidhaa, ahadi ipo lakini ni ya mdomo. Mwenye duka hupokea pakiti ambayo haijafunguliwa, na bando ambalo limefungana mafundo baada ya kuoshwa kwa mara ya kwanza, na mimi nilibadilishiwa bila maneno mengi. Hata hivyo siku akiwa safarini Dar es Salaam kijana anayemsaidia hana uhakika wa masharti hayo. Omba aandike nyuma ya risiti ya mashine ya EFD, ambayo hutolewa bila kuidai, tarehe na uzito uliopimwa.

Malipo ni kwa fedha taslimu au kwa simu. Anayetoka mbali, Tukuyu au Chunya, afike kabla ya saa kumi alasiri siku za kazi, kwa kuwa baada ya hapo wasusi wa jumla huingia kwa pamoja na kuisubiri mizani huchukua muda.