Sampla ya Mezani au Programu ya Kompyuta: Ipi Itakufaa kwa Kutengeneza Midundo?

Watazamaji wapenzi, karibuni. Mezani hapa mnaona vitu vitatu. Kushoto ni Akai MPC One, katikati ni Roland SP-404MKII, zote mbili zikiwa sampla, yaani vifaa vinavyorekodi vipande vya sauti ili uvipige kwa pedi, vile vitufe vya kugonga kwa vidole, na kulia ni kompyuta yangu ya mkononi yenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, ikiwa imeunganishwa na kidhibiti kidogo chenye pedi 16. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama mtu anayetaka kutengeneza midundo anunue sampla au atosheke na kompyuta. Nitalijibu kwa kuvitumia vyote vitatu mbele yenu, ila hukumu yangu naitanguliza ili asiye na muda asisubiri bure: anayeanza, na ambaye tayari anayo kompyuta inayofanya kazi vizuri, asikimbilie sampla. Atafute kidhibiti cha pedi cha bei ya chini, ajifunze programu moja mpaka aizoee, na sampla aje aifikirie siku atakapoweza kutaja kwa maneno yake mwenyewe kitu gani kinamkwaza kwenye kompyuta.

Kwanza niiondoe njiani hoja moja inayowapotezea watu muda, nayo ni ile ya kwamba sampla ina sauti nene kuliko kompyuta. Kwa mashine za zamani hoja hiyo ilikuwa na ukweli, lakini ukweli wenyewe ulitokana na udhaifu wa mashine. E-mu SP-1200, sampla iliyotoka mwaka 1987, ilirekodi kwa biti 12 na kwa kasi ya takriban sampuli 26,000 kwa sekunde (sampuli ni kipimo kimoja cha sauti, na biti ndizo usahihi wa kila kipimo), ilhali CD ya kawaida hutumia biti 16 na sampuli 44,100. Kumbukumbu yake yote ilitosha sekunde 10 hivi, na kipande kimoja hakikuweza kuzidi sekunde 2.5. Watayarishaji wakabuni ujanja: santuri ya mizunguko 33 waliichezesha kwa kasi ya mizunguko 45, wakairekodi ikiwa inakimbia, kisha wakaishusha ndani ya mashine mpaka irudi kwenye kimo chake. Ukipiga hesabu, sekunde 2.5 za mashine zikawa zinabeba karibu sekunde 3.4 za muziki. Malipo yake yalikuwa mikwaruzo na mlio wa chuma juu ya kila sauti, na mikwaruzo hiyohiyo ndiyo ambayo masikio ya wapenzi wa hip hop yaliizoea hadi yakaihesabu kuwa utamu.

Sampla zinazotengenezwa siku hizi hazina udhaifu huo. Sauti mnayoisikia sasa ni ya gitaa nililolirekodi mwenyewe, mara ya kwanza kupitia MPC One na mara ya pili kupitia kompyuta. Nimezipanga kwa kificho nikazisikiliza mara nyingi kwa hedifoni, na sikuweza kuzitofautisha. Anayetaka mikwaruzo ya zamani huiwasha kama efekti, iwe ni kwenye SP-404MKII, ambayo ina efekti maalumu ya kuiga santuri, au ni kwenye kompyuta kwa kutumia plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza. Na tukisema kweli, ndani ya MPC One yenyewe kuna kompyuta ndogo iliyo kamili, yenye prosesa, kumbukumbu na programu inayopokea masasisho kama ya simu yenu. Anayedhani ameikimbia kompyuta kwa kununua kifaa hiki amenunua kompyuta nyingine iliyovaa pedi.

Basi tofauti iko wapi? Ngoja tukate kipande tuone.

Gitaa hili lina mapigo 90 kwa dakika, na nataka kulikata vipande vinane. Kwenye FL Studio nalifungua ndani ya Slicex, zana yake ya kukatia sauti, na kabla sijasikiliza chochote tayari programu imenichorea wimbi la sauti na kuweka alama za kukatia kila mahali ambapo sauti inapanda ghafla. Kazi imekwisha kwa sekunde mbili, nayo ni kazi safi. Kila kipande kinaanzia pale kidole kilipogusa waya. Sasa nahamia kwenye SP-404MKII. Hapa nalichezesha gitaa na kubonyeza kitufe cha MARK kila ninapotaka mkato, sauti ikiwa inatembea. Sikilizeni kipande cha nne. Nilichelewa kidogo, kwa hiyo mguso wa waya umebaki kwenye kipande cha tatu, na cha nne kinaanza na mkia wa sauti peke yake, kama mtu aliyeingia chumbani sentensi ikiwa katikati. Kwa kutumia kipanya nisingekata hapo hata siku moja, kwa sababu jicho lingeona kilele cha wimbi na mkono ungekifuata. Lakini nikikipiga kipande hicho baada ya cha saba, kinanipa pumzi ambayo mdundo wa kompyuta haukuwa nayo.

Sisemi kwamba kompyuta haiwezi kufanya hivyo. Inaweza, maana unaweza kuivuta alama ukaiweka popote. Ninachosema ni kwamba haikusukumi kufanya hivyo. Programu inakuonyesha jibu sahihi kabla hujauliza swali, na wengi wetu tukishaonyeshwa jibu sahihi hatutafuti lingine. Hilo kwangu ndilo jambo kubwa katika mjadala huu wote, na ndilo ambalo jedwali la sifa za bidhaa haliwezi kukuonyesha.

Jambo la pili ni muda, na hapa kompyuta hulaumiwa pasipo haki. Watu hulalamika kwamba wakipiga pedi iliyounganishwa na kompyuta sauti inachelewa, na wanahitimisha kwamba kompyuta haifai kupigia kwa mkono. Mara nyingi tatizo ni mpangilio wa bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huijaza kwanza kabla ya kuitoa. Bafa ikiwa sampuli 1,024 katika kasi ya 44,100, kompyuta inakusanya karibu milisekunde 23 za sauti kabla ya kuitoa, na mkono wa mpiga ngoma unauhisi ucheleweshaji huo. Ukiishusha hadi 128, inakuwa milisekunde 3 hivi, ambazo ukijumlisha na ucheleweshaji mwingine mdogomdogo wa njiani bado zinavumilika. Kwenye Windows hakikisha umechagua kiendeshi cha ASIO, yaani programu inayopitisha sauti bila kuichelewesha sana, katika mipangilio ya sauti, kwani kiendeshi cha kawaida ndicho chanzo cha malalamiko mengi. Kasoro iliyopo ni kwamba bafa ndogo huitwisha prosesa mzigo, na mradi ukishajaa plagini sauti huanza kukatikakatika. Ndiyo maana wenye uzoefu hushusha bafa wakati wa kupiga na kuipandisha wakati wa kuchanganya sauti. Sampla haikusumbui na hesabu hizo, kwa sababu aliyeitengeneza amekwisha kukuamulia.

Kuhusu swingi, yaani kuichelewesha kidogo kila noti ya pili ili mdundo uyumbe, hadithi zimekuwa nyingi kuliko hesabu. Roger Linn, aliyebuni mashine ya ngoma ya LM-1 iliyotoka mwaka 1980 na baadaye akasanifu sampla ya MPC60 iliyotoka mwaka 1988 chini ya jina la Akai, aliieleza swingi kwa asilimia, na asilimia hizo ndizo zilizobaki kuwa lugha ya mafundi hadi leo. Kwa mapigo 90 kwa dakika, noti mbili za kumi na sita, ambazo kila moja ni robo ya pigo, huchukua jumla ya milisekunde 333. Swingi ikiwa asilimia 50, noti ya pili huangukia katikati kabisa, yaani milisekunde 167. Ikiwa asilimia 54, inasogea hadi 180. Ikiwa asilimia 62, inafika 207, na hapo haihati, yale matoazi madogo ya ngoma, inaanza kuchechemea kama mnavyosikia. Hesabu hiyo haijali kifaa. Hata mgawanyo wa muda wa MPC60, ambao ni tiki 96, yaani vigawanyo vidogo 96 vya muda, kwa kila pigo, ndio huohuo ambao FL Studio huanza nao ukifungua mradi mpya. Anayewaambia kwamba swingi ya mashine ina uchawi usiopatikana kwenye programu, mwombeni awapigie zote mbili bila nyinyi kuona skrini.

Pamoja na hayo, kuna watu waliotumia mashine kwa namna iliyobadilisha masikio ya dunia, na sampla ya MPC3000 ya mtayarishaji wa hip hop J Dilla inahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Lakini sifa kubwa ya Dilla ilitokana na kuzipiga ngoma zake kwa mkono na kuziacha mahali zilipoangukia, pasipo kuiruhusu mashine izisogeze mahali pake. Kuizima amri ya kusogeza noti kunawezekana kwenye vyote vitatu vilivyopo mezani hapa. Na kwa upande mwingine, mtayarishaji mwenzake 9th Wonder alijijengea jina akitumia FL Studio wakati ambapo wengi waliiona programu hiyo kuwa mchezo wa watoto.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda zaidi kwenye SP-404MKII, ambacho pia kiliwahi kunitia hasara. Kifaa hiki kinakualika kurekodi upya ndani kwa ndani. Unachukua kipande, unawasha efekti, unazungusha vifundo huku kipande kinacheza, na matokeo yanarekodiwa kwenye pedi mpya yakiwa yameshikamana na efekti hiyo daima. Kisha unaichukua pedi hiyo mpya na kuirudia tena kwa efekti nyingine. Kwenye kompyuta efekti hukaa juu ya sauti kama shuka, unaifunua wakati wowote, na ndiyo sababu miradi mingi ya kompyuta haimaliziki: hakuna kilichoamuliwa. Hapa unaamua kila dakika mbili. Hasara yangu ilikuwa hivi. Nilikuwa nimefika raundi ya tano ya kurekodi upya, nikafuta raundi za nyuma ili nipate nafasi ya pedi, kisha kesho yake nikagundua kwamba mwangwi niliouweka raundi ya pili ulikuwa unagongana na sauti ya mwimbaji. Hapakuwa na njia ya kuutoa, kwa sababu ulikuwa umekwisha kuwa sehemu ya gitaa lenyewe. Nililazimika kuanza upya, na mdundo wa pili haukuufikia wa kwanza. Tangu siku hiyo nafanya nakala ya mradi kwenye kadi ya kumbukumbu kabla ya kufuta chochote, ingawa nakiri kwamba nikiwa nimenogewa husahau.

Kwenye kupanga wimbo mzima na kuchanganya sauti sitakaa sana, kwa sababu hapa hakuna ushindani. Skrini ya inchi 7 ya MPC One ni nzuri kwa ukubwa wake, lakini ukiwa na njia 20 za sauti ndani ya wimbo mmoja, kiitikio kinachorudi mara tatu, na mwimbaji anayetaka mstari mmoja uhamishwe, utaitamani kompyuta. Mimi huanza mdundo kwenye kifaa, nikitoa kila sauti kama faili yake peke yake, na kumalizia kwenye kompyuta. Watu wengi ninaowafahamu wenye sampla hufanya vivyo hivyo, hata wale wanaoikejeli kompyuta hadharani.

Anayetaka kujaribu programu kabla ya kulipa ajue kwamba toleo la majaribio la FL Studio linamruhusu kuhifadhi mradi, lakini hawezi kuufungua tena mpaka anunue leseni. Kwa hiyo atoe faili ya sauti kabla ya kufunga programu, vinginevyo kazi ya siku nzima itabaki ndani ya sanduku lisilo na ufunguo. Faida yake ni kwamba leseni ikishanunuliwa, matoleo mapya huja bila malipo ya ziada. Ukiilinganisha na vifaa, ambavyo kila baada ya miaka michache hutokea toleo jipya linalolifanya la zamani lionekane kuukuu, hiyo si faida ndogo.

Kwa yule aliyekwisha kuijua programu yake na anajikuta kila jioni akivinjari maktaba ya sauti kwa saa nzima bila kupiga noti hata moja, sampla itamsaidia, na kati ya hizi mbili ningempa SP-404MKII. Inatumia betri sita za AA au umeme wa USB-C, haina skrini kubwa ya kukodolea macho, na inamlazimisha kusikiliza. MPC One ningempa yule anayetaka kuacha kompyuta kabisa hadi hatua ya kumalizia, na anayekubali kukaa karibu na soketi, kwa sababu haina betri ya ndani.

Mkiamua kununua sampla iliyotumika, msiridhike na picha wala na taa zinazowaka. Mimi niliwahi kuuziwa moja iliyong'aa kama mpya, ambayo pedi ya kiki, yaani ya ngoma kubwa, ilikuwa imechoka kuliko nyingine zote, kwa kuwa ndiyo iliyopigwa na mwenyewe miaka yote. Weka sauti moja kwenye pedi zote 16, kisha uzipige moja baada ya nyingine kwa nguvu ileile ya kidole, kwanza taratibu sana, halafu kwa nguvu ya kawaida. Pedi isiyo na kasoro itaitika hata kwa mguso mwepesi na itapanda sauti polepole kadiri unavyoongeza nguvu. Ile ambayo inanyamaza kwenye mguso mwepesi na kuruka ghafla hadi juu ni ya kubadilishwa, kwa hiyo gharama ya kuibadilisha itolewe kwenye bei kabla hamjapeana mikono na muuzaji.