FRM (cheti cha kimataifa cha usimamizi wa riski za fedha) kwa sisi tuliotoka hisabati ya fedha, maoni yangu baada ya kumaliza sehemu zote mbili

Naipa nyota 4 kati ya 5, na ntaeleza ile moja imeenda wapi.

Nilitoka chuo na digrii ya hisabati ya fedha, Black-Scholes, ile fomula maarufu ya hisabati ya fedha, naitoa mwanzo hadi mwisho bila kushika daftari, nikaenda intavyuu ya kitengo cha riski benki moja, nikaulizwa kitu kimoja tu, mteja huyu asipolipa sisi tunapoteza kiasi gani. Nikaanza kueleza mambo ya integrali na mwendo wa Brown, yule mama aliyekuwa ananihoji akanisikiliza hadi nikamaliza, alafu akarudia swali lilelile. Kazi sikupata na iliniuma sana kwa sababu hesabu nilikuwa nazijua, ila benki yenyewe ndo sikuijua.

FRM, ile inayotolewa na GARP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa riski, ndo iliyoniziba hilo pengo. Lile swali kumbe jibu lake ni kuzidisha tu: uwezekano wa mteja kushindwa kulipa (PD), mara sehemu ya deni ambayo hutaipata tena hata ukiuza dhamana (LGD), mara deni lililobaki siku anaposhindwa (EAD). Deni 1,000,000, PD 2%, LGD 45%, hasara tarajiwa ni 9,000. Basi. Kazi kubwa iko kwenye kuzipata hizo namba na kuzitetea, na tangu IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu, ianze kutumika 2018 benki inatenga fedha za hasara kabla mteja hajashindwa, kwa hiyo modeli yako inagusa faida ya benki moja kwa moja. Chuoni hakuna mtu aliyeniambia hivo!

Sehemu ya kwanza ni maswali 100 kwa saa 4, ya pili 80, muda uleule. Kwa aliyetoka hesabu, ile mada ya takwimu utaipita haraka, ni 20% tu ya mtihani wa sehemu ya kwanza, usikae hapo kwa sababu unapapenda. Kaa kwenye bidhaa na masoko, bondi, mikataba ya kubadilishana riba, namna zinavyouzwa kweli. VaR, yaani kiwango cha hasara ambacho siku nyingi haitakiwi kuvukwa, nilikuwa naijua kama kwantaili (pointi kwenye mgawanyo wa takwimu) tu, kumbe msimamizi wa benki anahesabu ni siku ngapi kati ya 250 hasara imeivuka, mara 0 hadi 4 uko kijani, 5 hadi 9 njano, 10 kwenda juu nyekundu na benki inaongezewa mtaji wa kushikilia. Hapo ndo namba ikapata uhai kwangu.

Sehemu ya pili mi niliipenda zaidi kwa ajili ya ukwasi, yaani benki kuwa na hela taslimu za kulipa zinapodaiwa. Silicon Valley Bank ya Marekani ilipoanguka Machi 2023, ile ya riba kupanda bei za bondi zikashuka ni hesabu ya mwaka wa kwanza kabisa, lakini wenye amana kutoa hela kwa mkupuo ndani ya siku mbili, hiyo fomula yangu ya chuo haikuwa nayo.

Sasa ile nyota moja. Matokeo hayakupi alama, unaambiwa umefaulu au hujafaulu na ulivyosimama kwa kila mada ukilinganishwa na wengine, basi, na ukifeli hiyo inaumiza. Pili, hutafundishwa SQL (lugha ya kuvuta data kwenye hifadhidata) wala kusafisha data, na kazi za mwanzo benki zimejaa hayo, mi nilijifunza pembeni usiku na ndo yaliyonipatia nafasi niliyonayo saivi pamoja na FRM. Na cheti kamili hupewi mpaka uwe na miaka 2 ya kazi inayohusiana na riski, kwa hiyo ukiwa bado unatafuta kazi andika tu kwenye CV kwamba umefaulu mtihani.

Kama uko mwaka wa mwisho, hawadai uwe na digrii ndo ujisajili, fanya ya kwanza wakati hesabu bado za moto kichwani. Ya pili ifanye ukishaingia kazini, ntashangaa kama hutaielewa mara mbili ya ambavyo ungeielewa saivi.