Msitu wa Ngozi: nenda kwa ajili ya miti, ziwa utalikuta

Wakazi wengi wa Mbeya waliokwisha kufika Ngozi, kule milima ya Poroto wilayani Rungwe, husimulia ziwa peke yake: rangi yake ya kijani, kina cha bonde lililolibeba, na picha waliyopiga wakiwa wamesimama ukingoni. Nimeishi Uyole kwa miaka kumi na moja nikisikia simulizi hizo, na nilipofika mwenyewe Jumamosi moja ya mwezi Agosti nilibaini kwamba kilichostahili safari yangu ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza, yaani ule msitu wa asili ambao mgeni hulazimika kuupita kwa miguu kwa zaidi ya saa nzima kabla ziwa halijaonekana.

Tulikuwa watatu: mimi, baba mkwe wangu ambaye ni mstaafu wa reli, na mtoto wa kaka yangu anayesoma kidato cha tatu. Safari niliinunua kwa wakala mmoja wa mjini kwa shilingi 70,000 kwa kila mtu, bei ambayo niliambiwa ilijumuisha usafiri, kibali cha kuingia, mwongozaji na chakula cha mchana. Gari lilichelewa kwa saa moja na dakika ishirini. Tulipofika, ilibainika kwamba vibali havikuwa vimelipiwa, hivyo tukasubiri tena huku dereva akihangaika kwenye simu kutafuta namba ya malipo. Kisha dereva huyo huyo akakataa kuendelea na barabara ya vumbi kwa madai kwamba Noah yake haiwezi kupanda, nasi tukatembea kipande ambacho tulikuwa tumekilipia kukipita tukiwa tumeketi. Chakula cha mchana kilikuwa chapati mbili zilizopoa kwa kila mtu na soda moja. Kwa huduma ya wakala huyo sina neno jema hata moja, na wakati mwingine nitapanda daladala ya Tukuyu hadi Isongole, nichukue bodaboda hadi mwanzo wa msitu, na kupatana na mwongozaji mwenyewe pale kijijini.

Mwongozaji ndiye aliyeiokoa siku. Alikuwa kijana wa pale pale, aliyevaa mabuti ya mpira na koti kuukuu la mvua, na jambo la kwanza alilolifanya ni kumwamkia baba mkwe wangu kwa heshima, kumtazama viatu, na kumpa fimbo ya mti mkavu iliyokuwa imelainishwa na mikono ya wageni wengi waliotangulia. Fimbo hizo hurudishwa mwisho wa safari na kuegemezwa mahali pake. Hakuna anayekata tawi bichi. Nilipoona hivyo nilianza kusahau habari za Noah.

Mpaka wa msitu ni wa ghafla. Hatua moja uko katika shamba la viazi mviringo lenye matuta meusi yaliyopangwa vizuri, hatua inayofuata jua limezimwa, hewa imepoa, na miguu inakanyaga majani yaliyooza ambayo hayatoi sauti. Sisi tuliokulia Mafinga, karibu na misonobari ya Sao Hill, tumezoea kuita msitu kitu ambacho kwa hakika ni shamba: miti ya rika moja, iliyosimama kwa mistari kama wanafunzi paredi, na chini yake hakuna kinachoota. Ngozi hakuna mistari. Mti mkubwa umelala juu ya mwingine, mzabibu mwitu umewafunga wote wawili, na kutoka matawini zinaning'inia ndevu za kijani zilizojaa maji ya ukungu hata katika mwezi wa kiangazi. Yapo makangaga yenye vigogo virefu ambayo kwa mbali ungeyadhania minazi. Ipo mianzi ya milimani, ambayo siyo ile tunayoigema ulanzi kule Iringa, na mtoto alipouliza kama inagemwa mwongozaji alicheka hadi akasimama.

Baba mkwe, ambaye ni Mnyakyusa wa Tukuyu na amezaliwa katikati ya migomba, alisimama kwa muda mrefu mbele ya mgomba mwitu. Ni mmea wenye majani makubwa yanayosimama wima kama yamekasirika, na shina lililovimba chini kama chungu. Mwongozaji alieleza kwamba tunda lake limejaa mbegu nyeusi ngumu kiasi kwamba hakuna cha kutafuna, na kwamba mmea huo huchanua mara moja tu kisha hufa. "Mgomba usiolisha watu ni mgomba gani huu?" aliuliza mzee. "Huu unalisha nyani, mzee," kijana akajibu, na safari ikaendelea.

Sehemu iliyonigusa zaidi haikuwa kubwa kuliko kiganja. Mwongozaji alinyoosha mkono kutuzuia, akaonyesha kijiti kilichokuwa usawa wa kifua changu, na kwa muda sikuona chochote isipokuwa majani. Kisha jani moja likageuza jicho. Alikuwa kinyonga dume mwenye pembe tatu, moja ikiwa imechomoza puani na mbili juu ya macho, rangi yake kijani iliyochanganyika na manjano, vidole vyake vimekibana kijiti kama koleo. Jicho moja lilinitazama mimi na jingine lilimtazama mtoto, ambaye alirudi nyuma kwa sababu nyumbani amefundishwa kwamba kinyonga ni mkosi. Mwongozaji hakumcheka wala hakumshika kinyonga ili atupigie picha, jambo ambalo nasikia baadhi ya waongozaji hulifanya. Alisema tu kwamba kinyonga huyu ni wa milima yetu ya kusini, kwamba kwa Kiingereza hubeba jina la Poroto, na kwamba jina lake la kisayansi linatokana na daktari Mjerumani aliyeitwa Fülleborn. Tulikaa pale labda dakika kumi. Kinyonga alipiga hatua mbili.

Ukweli wa mwongozaji ulijaribiwa pale mtoto alipouliza kuhusu kipunji, yule nyani maarufu aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005 na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua na kumwita kwa jina hilo tangu zamani. Ingekuwa rahisi kumfurahisha mtoto kwa kuonyesha kivuli chochote juu ya mti. Kijana alisema waziwazi kwamba anayemtaka kipunji aende mlima Rungwe au upande wa Kitulo, na kwamba hapa tukiwa na bahati tungeona mbega. Bahati ilikuwepo nusu: tulisikia ngurumo yao ya kukoroma upande wa bondeni, tukaona tawi likitikisika na mkia mrefu ukipotea.

Njia yenyewe inahitaji maelezo ya kweli. Mwanzo ni mwinuko wa kawaida, lakini kipande cha mwisho kabla ya ukingo ni mwinuko mkali ambao mtu huupanda kwa kushika mizizi, na udongo wake, hata bila mvua ya siku hiyo, ulikuwa laini kama ugali ambao haujaiva. Anayekuja na raba za mjini atajuta. Anayekuja kati ya Desemba na Mei ajue kwamba Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi sana nchini. Mwongozaji alipunguza mwendo kwa ajili ya mzee bila kuambiwa na bila kumfanya ajisikie mzigo, ila namlaumu kwa jambo moja: hakuwa na hata bandeji, na mtoto alipochunika goti tulitumia kitambaa changu cha kichwa. Lawama nyingine si yake bali ni ya wageni wenzetu, kwa kuwa katika kila pumziko kulikuwa na chupa za plastiki zilizosukumwa chini ya mizizi, kana kwamba mizizi ni kapu.

Ziwa? Ni zuri. Lina urefu wa kama kilomita 2.5 na upana wa kilomita moja na nusu hivi, limekaa ndani ya shimo lililoachwa na volkano, na hutajwa kuwa la pili kwa ukubwa barani Afrika miongoni mwa maziwa ya kreta. Baba mkwe alisimulia habari za mali ambazo Wajerumani wanadaiwa kuzitumbukiza humo walipokuwa wakiondoka, simulizi ambayo kila Mnyakyusa wa umri wake anayo. Mtoto alitaka tushuke hadi majini, lakini mwongozaji alitazama ukuta wa bonde, akamtazama mzee, akasema, "Kushuka ni kuteleza, mama, na kupanda ni kutambaa. Leo tuishie hapa." Robo saa baadaye ukungu uliziba kila kitu, na kikundi cha vijana waliokuwa ndio kwanza wanafika hawakuona ziwa lolote. Gari letu lingechelewa kidogo zaidi, nasi tungekuwa kama wao. Kwa hiyo uwe njiani kabla ya saa mbili asubuhi.

Mwongozaji nampa nyota tano na kumtolea nusu kwa ajili ya bandeji. Msitu sijui niupime kwa nyota za nani. Wakala nampa nyota moja, ambayo ni ya soda, kwa kuwa ilikuwa baridi. Njiani kurudi baba mkwe alimwamuru dereva asimame pale Isongole, akanunua ndoo mbili za viazi, na kabla hatujafika Uyole alikuwa ameshamuuliza mtoto mara tatu ile pembe ya katikati ya kinyonga ilikuwa imetokea wapi hasa, puani au juu ya mdomo.