Sabmita kwenye fremu zangu saba Mbezi: miezi kumi na minne sasa

Mwezi huu peke yake wenye fremu wenzangu watatu wameniuliza kama hizi sabmita, yaani mita ndogo za umeme za kulipia kabla, moja kwa kila fremu ya duka, zinafaa au ni kutupa hela. Zinafaa. Mimi ningezinunua tena kesho. Lakini kuna mambo muuzaji hakuambii, na mojawapo lilikaribia kuozesha nyama ya bucha la mpangaji wangu.

Kwanza mjue ninaposimama. Nimeuza vitenge Kariakoo miaka 19, muda wote huo nikiwa mpangaji. Nilitoa kilemba, hela ya kuachiwa nafasi nje ya kodi, ili nipate fremu, nikalipa kodi ya mwaka kwa mkupuo, nikapandishiwa kodi siku ile ile ya kusaini mkataba mpya. Nilipoacha, akiba yangu yote niliiweka kwenye kiwanja Mbezi nikajenga fremu saba. Stendi ya mabasi ya mikoani ilikuwa imehama Ubungo na kufunguliwa Mbezi Luis, Februari 2021, na kila mwenye ukuta unaotazama barabara aliubomoa akaweka mlango wa chuma. Mimi pia. Leo nikitoka getini kwangu hadi barabara ya lami nahesabu fremu 31, na tisa zimefungwa, nyingine zina vumbi la mwaka mzima kwenye kufuli. Agosti 2025 pale Ubungo, kwenye eneo la stendi ya zamani, kikafunguliwa kituo kikubwa cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000. Mpangaji mwenye mtaji ana pa kwenda. Anayebaki kwetu mitaani anataka fremu ndogo, anataka alipe miezi mitatu badala ya sita, na akikerwa kidogo tu anahama, kwa sababu jirani yangu atampokea kesho asubuhi.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Nilikuwa na luku moja kwa fremu zote. Kila mpangaji alichanga 20,000 kwa mwezi. Bucha lina mafriza mawili yanayounguruma usiku na mchana. Saluni ina draya mbili na stima ya nywele. Wakala wa miamala ana taa moja na chaja ya simu, na fundi cherehani alikuwa na mashine moja na pasi. Wote 20,000. Fundi cherehani alilalamika miezi mitano, kwa adabu kabisa, mwishowe akaniambia, "Mama, mimi nawalipia watu nyama," akahama. Fremu yake ilikaa tupu miezi minne. Kodi ni 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo hiyo ni laki sita, halafu dalali aliyeniletea mpangaji mpya akachukua ya mwezi mmoja. Laki saba na nusu nimezipoteza kwa ugomvi wa elfu ishirini.

Nilifikiria kuomba TANESCO luku saba tofauti. Kuunganishiwa umeme mjini, njia moja (single phase) bila nguzo, ni 320,960, na mimi nina fremu saba. Sabmita zilinigharimu 115,000 kila moja, fundi 25,000 kwa kila moja, na ukiweka nyaya, breka na boksi la chuma la kufungia, nimetumia milioni moja na laki mbili hivi. Tafuta fundi mwenye leseni, tafadhali. Wa kwanza niliyemwita alitaka kuunga nyaya za saluni na bucha kwenye breka moja.

Zinavyofanya kazi ni rahisi. Luku ya TANESCO inabaki pale pale, ndiyo mama. Chini yake kila fremu ina mita yake. Mpangaji analipa kwa simu, anapata ujumbe wenye tarakimu 20, anabonyeza kwenye mita yake, anaingiza yuniti. Kampuni iliyoniuzia inakusanya hizo hela, inakata asilimia 5 yake, na kila Jumatatu inaniwekea zilizobaki. Mimi nanunua luku ya mita kuu. Kwenye simu yangu naona kila fremu imetumia yuniti ngapi.

Sasa bei. Hili ndilo nataka mlisome taratibu. Luku ya biashara ya kawaida, ukijumlisha na kodi na tozo, ni kama shilingi 356 kwa yuniti. Elfu kumi inakupa yuniti 28. Sabmita inakuachia mwenye nyumba upange bei mwenyewe. Nimeambiwa na mwenzangu mmoja, tena bila haya, kwamba yeye kapanga 500. Mimi niliweka 375, kwa sababu ukitoa ile asilimia 5 ya kampuni inabaki 356 na senti chache. Sipati faida hata shilingi.

Wiki ya kwanza tu mwenye bucha akaja na simu mkononi. "Mama, luku inatoa 28. Yako imenipa 26 na kitu. Mbili zimekwenda wapi?" Hakuwa na hasira, lakini wengine walikuwa wamesimama mlangoni kwa saluni wakisikiliza. Nikaomba kalamu kwa wakala, nikachana karatasi ya nyuma ya daftari lake, nikaandika 375, nikatoa asilimia 5, nikampa kikokotoo apige mwenyewe. Akapiga mara mbili. Kisha nikawaonyesha wote ujumbe wa hela zilizoingia Jumatatu na risiti ya luku niliyonunua. Ile karatasi wakala ameibandika ukutani kwake hadi leo, juu ya bango la viwango vya kutuma na kutoa. Kama huna uwezo wa kuonyesha hesabu yako hadharani hivyo, usinunue sabmita, maana utakuwa umebadilisha ugomvi mmoja kwa mwingine mbaya zaidi.

Kuna na hili la kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye luku, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Zamani aliyetumwa kununua luku ya kwanza ya mwezi ndiye alikatwa, na akirudi ni manung'uniko. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, na kwa sasa kwa kuwa mita kuu nainunulia mimi, nakatwa mimi. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kasoro sasa.

Kubwa kuliko zote: mita kuu ikiisha, wote gizani, hata kama mtu ana yuniti 100 kwenye yake. Muuzaji hakuniambia. Jumamosi moja nilikuwa harusini Kibaha, saa moja usiku mwenye bucha akanipigia. "Mama, nina yuniti 40 zinaonekana hapa, lakini hakuna umeme na majirani wanao." Moyo ulinipasuka. Mafriza yake mawili yalikuwa yamejaa nyama ya Jumapili. Hela za wiki hiyo zilikuwa bado hazijaingia, zingeingia Jumatatu, na mimi nilikuwa sijaangalia mita kuu siku nne. Nikanunua luku kwa hela ya mfukoni, nikamtumia wakala zile tarakimu, kumbe boksi la mita nimelifunga na ufunguo ninao mimi kwenye mkoba. Wakalivunja kufuli kwa nondo. Umeme ulirudi baada ya kama dakika hamsini na nyama haikuharibika, lakini nilienda kumwomba radhi mwenye bucha kesho yake asubuhi, na nilistahili kuomba. Tangu siku ile ufunguo wa pili anao wakala, na mita kuu siiachi ishuke chini ya yuniti 100. Hiyo ni kama elfu 36 imelala pale muda wote. Ihesabu kwenye mtaji wako.

Ya pili ni vitufe. Mita ya saluni, kitufe cha 7 kilikufa mwezi wa kumi. Tokeni yenye 7 ndani yake haiingii, na ni nadra kupata tarakimu 20 zisizo na 7. Kampuni ilichukua siku 19 kuleta nyingine, ingawa dhamana waliyoniandikia wenyewe ilisema siku saba. Siku zote hizo dada wa saluni nilimuunganisha moja kwa moja na mita kuu na tukakadiria matumizi kwa kuangalia miezi yake ya nyuma. Tungekuwa hatuaminiani, nisingempata tena.

Ya tatu ni ndogo: ujumbe wa tokeni huchelewa usiku, mara nyingine dakika ishirini. Waambie wapangaji wasisubiri mpaka taa nyekundu ianze kupepesa.

Na jumla ya mita ndogo haitalingana na kubwa. Mwezi uliopita kuu ilisoma 612, zote saba zikajumlisha 571. Hizo 41 ni taa mbili za nje na pampu ya maji, kama elfu 14 na kitu. Nalipa mimi. Mwenye fremu anayetaka wapangaji wagawane taa ya ulinzi wa jengo lake, simwelewi.

Je, imelipa? Kodi sijapandisha hata shilingi kumi, na mpangaji wangu wa duka la dawa bado ananikatia asilimia 10 ya kodi ya zuio ya TRA kabla ya kunipa, kwa hiyo miezi sita ya 900,000 inafika mkononi 810,000, pamoja na cheti chake. Mapato hayajakua. Kilichobadilika ni kwamba ndani ya miezi hii kumi na minne hakuna aliyehama. Fremu zote saba zina watu, kwenye mtaa ambao tisa zimefungwa. Na wanaokuja kuulizia, swali la kwanza kabla ya kodi ni, "Luku najitegemea?" Nikisema ndiyo, wanaingia kuangalia ndani.

Ile fremu ya mwisho, kubwa, mwenye stoo ya viatu vya kuuza mtandaoni ameniomba nipunguze kodi au nimpe nusu, maana wateja wake hawafiki dukani, anawatumia mzigo kwa bodaboda. Nimekubali kuigawa. Upande wa pili ameshaupata kijana wa kutengeneza simu. Sabmita ya nane nimeshalipia, fundi anakuja Alhamisi, na safari hii nimemwambia muuzaji nabonyeza vitufe vyote kumi mbele yake kabla hajaondoka.